Mshika Kibendera Anajibu: Barua za VAR

Safu hii huandikwa na mama aliyeshika kibendera kwa miaka mingi pembeni mwa viwanja vya Busoga na kwingineko. Sasa anafundisha marefa chipukizi mjini Jinja.

Tangu CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, iondoke uwanja wetu wa Namboole Agosti 2025, barua za sheria za uwanjani zinaingia kwa magunia, na karibu zote ni za VAR, yaani refa msaidizi wa video. Zamani jambo hili lilikuwa la Moscow na Cairo, tukilitazama kwa mbali. Sasa limefika Bweyogerere, penye uwanja huo wa Namboole, na kila mtu ana neno lake. Sitaweza kujibu zote. Na yule aliyeuliza dawa ya inzi weupe wa mihogo, barua yake nimempa jirani yangu wa ukurasa wa shamba.

Nani anaamua?

*Salamu nyingi, Mama. Mimi ni bodaboda hapa Jinja. Siku ya mechi yetu na Afrika Kusini, tarehe 18 Agosti, tulikuwa nyuma 3-1, na abiria wangu akaniambia nimpeleke nyumbani, mambo yamekwisha. Hatujafika Walukuba, redio inapiga kelele: VAR, penalti, Okello amefunga. Kidogo tena: VAR, penalti, Torach amefunga, 3-3. Tangu siku hiyo mwenzangu mmoja wa stejini ananiambia tulibebwa. Je, anayeamua ni refa au wale jamaa wa kwenye televisheni? Na mbona mara nyingine refa anakimbilia skrini, mara nyingine anagusa sikio tu?*

Mwanangu, anayeamua ni refa wa uwanjani, mwanzo hadi mwisho. Yule aliyeketi chumbani mbele ya skrini naye ni refa, si fundi wa televisheni. Ana msaidizi wake na watu wa kumrudishia picha, lakini filimbi hana. Anachoweza ni kumwambia mwenzake, "Nakushauri ukalitazame hili." Refa akishatazama anaweza kubaki na uamuzi wake wa kwanza. Hutokea kwa nadra, lakini sheria inamruhusu, na mimi humvulia kofia refa anayethubutu kufanya hivyo mbele ya uwanja mzima unaompigia kelele.

Wala hawaingilii kila kitu. IFAB, ile bodi inayotunga sheria za soka, iliiingiza VAR katika sheria Machi 2018 na kuipa mambo manne: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi iliyompata asiye mkosaji. Mpira wa kurusha, faulo ya katikati ya uwanja, hayo hata wakiyaona wanakaa kimya. Na ndani ya hayo manne, kosa la refa lazima liwe la wazi, si la kubishaniwa. Kila goli na kila kisa cha ndani ya boksi hupitiwa kule chumbani kimyakimya, mpira ukiendelea, na wewe hutajua lolote hadi umwone refa ameweka kidole sikioni.

Sasa hilo la sikio na skrini. Uwanjani kuna mambo ya kupima na kuna mambo ya kuamua. Mshambuliaji ameotea (ndiyo ofsaidi) au hakuotea, mpira ulitoka au haukutoka, faulo ilikuwa ndani ya boksi au nje: hayo yanapimwa, na refa akiambiwa sikioni inatosha. Lakini je, ile jezi ilivutwa kiasi cha kumwangusha mtu? Ule mkono ulikuwa mahali pake pa kawaida? Hapo hakuna rula. Refa anaitwa akajionee, kwa sababu jibu litatoka kichwani mwake na lawama zitakuwa zake.

Ukitaka mfano, chukua fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2019 kule Cairo. Sidi Alioum wa Cameroon aliwapa Senegal penalti kwa mkono wa Guedioura wa Algeria, akaitwa, akatazama, akaifuta. Algeria wakabaki na goli lao la dakika ya pili na kombe lao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Moscow, katika fainali ya Kombe la Dunia, Nestor Pitana wa Argentina alifanya kinyume: mwanzo hakutoa kitu, kisha akautazama mkono wa Perišić wa Croatia, akaanza kuondoka kwenye skrini, akarudi kutazama tena, ndipo akawapa Ufaransa penalti. Refa wa fainali, picha ziko mbele ya pua yake, na bado alirudi mara ya pili! Watu hulisahau hilo wanaponiambia kwamba video imemaliza ubishi.

Na mjihadhari na picha ya polepole. Mwongozo wa VAR wenyewe unasema picha ya polepole ni ya kuonyesha mahali, kwa mfano mguu uligusa wapi. Lakini ukali wa faulo na kosa la mkono vitazamwe kwa kasi ya kawaida. Ukimpunguzia mtu kasi, hata anayepiga chafya ataonekana anakutemea mate kwa makusudi. Tunapotazama marudio kwenye simu na vijana wangu, jambo la kwanza ninalowaambia ni warudishe kasi.

Kuhusu kubebwa: refa wa siku ile alikuwa na wenzake waliokuwa na picha. Huyo mwenzako wa stejini alikuwa na redio.

Ninyanyue mapema au nisubiri?

*Shikamoo, Mama. Mimi ni msichana niliyemaliza kozi ya urefa, na nimeanza kushika kibendera mechi za kanda huku Soroti. Wenzangu wananiambia kwamba siku hizi hakuna anayenyanyua mapema. Mtu anasubiri mpaka mpira ufike golini, kama Ulaya. Wiki iliyopita nilinyanyua, na kocha akanizomea mbele za watu kwamba mimi ni wa zamani. Nifanyeje?*

Marahaba, binti yangu. Barua yako imenipandisha damu, na si kwa sababu yako.

Hicho wanachokiona kwenye televisheni kina sababu yake, na sababu hiyo haipo Soroti. Mahali penye VAR, mshika kibendera huambiwa hivi: ukiona shambulio la hatari, mtu anakimbilia goli au yuko karibu kufunga, na wewe unadhani ameotea, shikilia kibendera chako chini hadi shambulio liishe, kisha nyanyua. Kwa nini? Kwa sababu ukinyanyua na refa akapuliza, mchezo umekufa. Ikigundulika baadaye kwamba hakuotea, goli halina pa kurudi. Lakini ukisubiri na goli likafungwa, chumbani wataangalia, na kama ameotea kweli watalifuta. Yaani unachelewa kwa kuwa kuna mtu nyuma yako mwenye picha atakayesahihisha.

Sasa huko kwenye uwanja wenu, nyuma yako kuna nani? Kuna mbuzi na muuza chapati. Ukichelewesha kibendera pasipo VAR hujamsaidia mtu yeyote. Umewaachia watu kukimbia mita thelathini za bure, umempa kipa nafasi ya kugongwa, na goli likishafungwa ukanyanyua, utakimbizwa na uwanja mzima kwa sababu wameshaanza kushangilia. Mwambie kocha wako kwamba ule ucheleweshaji umeandikwa katika mwongozo wa mechi zenye VAR, na mechi yake haina.

Ila usichanganye na subira nyingine, ya zamani, ambayo ni yetu wote. Kuwa mahali pa kuotea si kosa. Kosa ni kuucheza mpira, au kumzuia mpinzani, ukiwa mahali hapo. Kwa hiyo mpira ukipigwa na kuna wawili wanaukimbilia, mmoja ameotea na mwingine ametoka nyuma, subiri uone nani ataufikia. Hiyo ni sekunde moja, au mbili. Ukiona ni yule aliyeotea peke yake anayeukimbilia na hakuna mwingine wa kuufikia, usingoje hata auguse; nyanyua. Wengi wananyanyua haraka mno kwa hofu ya kuonekana wamelala, na hao ndio walioharibu jina letu kabla ya televisheni kuja.

Na huko Ulaya kwenyewe ucheleweshaji una gharama. Tarehe 11 Mei 2025, Taiwo Awoniyi, yule Mnigeria wa Nottingham Forest, aligonga nguzo ya goli katika mechi dhidi ya Leicester. Alikuwa anaufuata mpira uliotoka kwa mwenzake aliyeotea, na kibendera kilikuwa bado chini. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo na kuwekwa katika usingizi wa kitabibu. Hata mwongozo unasema subira ni kwa shambulio ambalo nafasi yake ni ya wazi. Haukusema subira kwa mtu aliyeotea mita mbili ambaye hata bibi yangu angemwona. Hapo mimi ningenyanyua, VAR iwepo isiwepo, na wakinifukuza nirudi nyumbani nikale.

Kwa kuwa umeniuliza ufanyeje, acha nikupe kazi. Simama sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, na usisahau kwamba kipa mara nyingi ndiye anayehesabiwa wa mwisho, lakini si lazima awe yeye; akitoka mbele, hesabu upya. Tembea kiupande uso ukiwa uwanjani, kimbia kawaida pale tu wanapokuzidi mbio. Kisha jambo ambalo kozi hulitaja kwa sentensi moja tu: macho yawe kwenye mstari, masikio yawe kwenye mpira. Huwezi kumtazama anayepiga pasi na anayeipokea kwa wakati mmoja, wamepishana nusu uwanja. Lakini buti likigonga mpira, utalisikia, na sauti hiyo ikifika ndipo unapiga picha ya mstari kichwani mwako. Wakiwepo wapiga ngoma ni shida. Siku hizo unajizoeza kuona mguu kwa pembe ya jicho. Kibendera cha ofsaidi kinyanyue kwa mkono wa kulia, kinakufungulia uwanja mbele yako. Usikipungepunge. Kinyanyue na ukiache.

Wakikuambia urudi jikoni, na watakuambia, usigeuke. Ukigeuka umeupoteza mstari.

Kidole cha mguu

*Mama, nina kibanda cha kuonyesha mpira Kisenyi, Kampala. Goli linafungwa, watu wanaruka, benchi zangu zinavunjika, kisha dakika tatu baadaye wanalifuta kwa ajili ya kidole cha mguu. Juzi mteja alidai nimrudishie kiingilio. Hivi kweli mashine inaweza kuona kidole?*

Ssebo, kiingilio usirudishe. Alilipa kutazama mechi, na kufutwa kwa goli ni sehemu ya mechi. Benchi tengeneza za mvule.

Kuhusu kidole, jibu langu litakufurahisha nusu. Ile mistari waliyokuwa wanaichora kwa mkono ilikuwa na tatizo ambalo hawakupenda kulitangaza. Mtu huchagua picha moja, ile ambayo mpira unaguswa na mpiga pasi, kisha anachora mistari juu yake. Sasa kamera ya televisheni inapiga kama picha 50 kwa sekunde. Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata, amesogea sentimita 16. Hiyo ni zaidi ya nusu ya upana wa mpira! Na beki mara nyingi anakimbia upande wa pili, ongeza zake. Ukichagua picha ya kabla au ya baada, kidole kinahama. Kwa hiyo walipokuwa wanafuta magoli kwa sentimita mbili, walikuwa wanapima nywele kwa kipimo cha mbao.

Kombe la Dunia la Qatar, 2022, walibadilisha. Waliweka kamera 12 chini ya paa la uwanja za kufuatilia wachezaji tu, kila mchezaji alama 29 za mwili wake, mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mpira wakaweka kifaa kinachotuma habari mara 500 kwa sekunde. Sasa wakati wa kupiga pasi haukisiwi tena, mpira wenyewe unasema. Utakumbuka goli la Enner Valencia wa Ecuador katika mechi ya ufunguzi, dakika ya tatu, likafutwa na nusu ya wateja wako hawakujua ni nani aliyeotea. Mashine ilijua. Kisha akafunga mawili mengine yasiyo na neno.

Hapo mimi sina ugomvi. Ofsaidi ni suala la mahali, na mashine ikipima mahali vizuri kuliko macho yangu, nayakubali macho yake. Wateja wako wafundishe vitu viwili tu: mkono hauhesabiwi, kuanzia usawa wa chini ya kwapa, na aliye sambamba na beki hakuotea.

Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal, ambaye nina hakika picha yake imebandikwa mahali fulani katika kibanda chako, amekuwa akisukuma kutoka FIFA sheria nyingine: mradi sehemu yoyote ya mwili inayoweza kufunga iko sambamba na beki, mshambuliaji hajaotea. Magoli yataongezeka, ni kweli. Lakini ubishi wa kidole utahamia kisigino, na benchi zako zitaendelea kuvunjika.

VAR ikikosea, mechi irudiwe?

*Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari Arua. Darasani tulikuwa na mdahalo: VAR ikiharibika au ikikosea waziwazi, timu iliyoonewa ipewe mechi nyingine. Upande wa kukubali ulishinda kwa kura, lakini mimi mwenyewe sina uhakika. Sheria inasemaje?*

Mwalimu, wanafunzi wako walishinda kwa kura na wangeshindwa kwenye rufaa. Sheria inasema wazi kwamba mechi haibatilishwi kwa sababu mtambo wa VAR umeharibika, wala kwa sababu VAR imekosea, wala kwa sababu imeacha kutazama jambo.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha kwetu Afrika. Tarehe 31 Mei 2019, Radès, Tunisia, marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa: Espérance ya Tunisia na Wydad ya Morocco. Mechi ya kwanza Rabat ilikuwa 1-1. Espérance wanaongoza 1-0, El Karti wa Wydad anasawazisha kwa kichwa, kibendera kinanyanyuka. Wydad wanadai VAR. Kumbe haifanyi kazi! Mtambo umewekwa, watu wamejulishwa upo, na siku ya fainali hautumiki. Wydad wakagoma kuendelea, watu wakasimama uwanjani zaidi ya saa nzima, mwishowe refa Bakary Gassama wa Gambia akamaliza mechi na Espérance wakapewa kombe. Siku chache baadaye kamati kuu ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaamua marudiano yachezwe upya nchi nyingine. Mwisho wa Julai Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Uswisi ikaitengua amri hiyo: kamati ile haikuwa na mamlaka ya kuamuru hivyo. Agosti vyombo vya nidhamu vya CAF vikawathibitisha Espérance. Kwa hiyo miezi ilipita, mawakili walikula, na matokeo yakabaki yale ya usiku ule.

Wanafunzi watasema huo ni uonevu. Nami goli lile limeniuma, kwa kuwa kila nikilitazama sioni pa kuotea. Lakini waulize kitu kimoja: wachezaji wa Wydad wangeendelea kucheza, kulikuwa na zaidi ya nusu saa ya kutafuta goli lingine. Timu inayoamini kwamba mashine lazima iwepo ndiyo iliyotoka uwanjani. Kabla ya VAR kuzaliwa, goli la Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani, Kombe la Dunia 2010, lilivuka mstari dunia nzima ikiliona, isipokuwa refa na msaidizi wake, na Uingereza waliendelea kucheza. Walifungwa 4-1, lakini walicheza.

Kwa kosa la VAR iliyo nzima, wape kisa cha Luis Díaz, aliyekuwa akichezea Liverpool. Tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham na Liverpool, bado 0-0. Díaz anafunga, msaidizi ananyanyua. Chumbani wanachora mistari, wanaona hakuotea kabisa. Lakini aliyeketi pale alidhani uwanjani wametoa goli! Akasema ukaguzi umekamilika, akimaanisha goli ni halali. Uwanjani wakasikia hivyo wakaelewa kwamba ofsaidi ni halali. Mpira ukaanzishwa. Sekunde chache baadaye wakagundua chumbani, na ukisikiliza sauti walizozitoa hadharani baadaye utasikia mtu akitaka mchezo usimamishwe na mwingine akijibu haiwezekani. Alikuwa sahihi kisheria: mpira ukishaanzishwa upya huwezi kurudi nyuma, ila kwa mambo machache kama kupiga mtu, kutema mate, au kadi kumpata asiye wake. Liverpool walifungwa 2-1. Wakuu wa marefa Uingereza walikiri kosa, na matokeo hayakuguswa.

Mimi nasimama upande wa kukataa katika mdahalo wako, Mwalimu, na si kwa sababu ya sheria tu. Fungua mlango wa kurudia mechi kwa kosa la picha, na hakuna mechi itakayoisha uwanjani. Kila Jumatatu tutakuwa ofisini na wakili. Aston Villa na Sheffield United, Juni 2020, kipa alivuka na mpira mstari wa goli na ile saa ya refa inayomjulisha kwamba mpira umevuka haikulia, kwa kuwa kamera zote zilikuwa zimezibwa na watu. Mechi ikaisha 0-0. Ingerudiwa hiyo, ligi nzima ingekuwa inarudiwa hadi leo.

Kwa ufupi

*Mume wangu ni Arsenal. Kila Jumamosi jioni anasema VAR inawachukia na anakataa chakula. Ni kweli? (Mama wa watoto wawili, Masaka)*

Nnyabo, mezani kwangu kuna barua ya shabiki wa Manchester United na nyingine ya Chelsea, zinasema maneno hayo hayo kuhusu timu zao. Chakula chake mhifadhie, atakula saa nne.

*Mama, AFCON 2019 tulitolewa na Senegal 1-0 katika 16 bora, na VAR ilianza robo fainali. Ingeanza mapema, si tungepita? (Bombo)*

Sioni vipi. Goli la Mané la dakika ya 15 halikuwa na doa la kufutwa, na penalti waliyopewa kipindi cha pili kipa wetu Onyango aliidaka mwenyewe bila msaada wa video. Kilichokosekana siku ile ni goli letu. Mlalamikie mwingine.

*Ni kweli mchezaji akimchorea refa televisheni kwa vidole anapewa kadi? (Mwanafunzi, Mbarara)*

Akizidisha, njano. Akiingia lile eneo la skrini refa anapotazama, njano pia. Na mtu wa benchi akiingia chumba cha VAR, nyekundu.

Ligi yetu itaipata lini?

*Mimi ni mweka hazina wa klabu ndogo Mbale. Katika mkutano wetu mwanachama amependekeza tuandikie FUFA, shirikisho letu la soka, walete VAR hata ligi za chini, kwani marefa wanatuumiza. Nikauliza bei, hakuna aliyejua. Ushauri wako?*

Mheshimiwa mweka hazina, umefanya vema kuuliza bei kabla ya kupiga makofi. Fikiria vitu vinavyotakiwa. Kamera nyingi, na watu wa kuziendesha. Kule Urusi 2018 zilikuwa 33 kwa mechi. Waya au mtandao usiokatika. Umeme usiokatika, na hapo mwenzangu nadhani tumeelewana. Chumba, skrini, mafundi, na marefa wawili au zaidi waliopewa mafunzo na kibali, kila wikiendi, kila uwanja. Namboole iliyokarabatiwa inaweza. Uwanja wenu wenye njia ya ng'ombe kwenye kona hauwezi, na msiandike barua hiyo.

Kuna kitu kingine cha kuandikia. FIFA imekuwa ikijaribu mfumo mwepesi, na mwaka 2024 ulitumika katika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20 kule Colombia na lile la chini ya miaka 17 kule Jamhuri ya Dominika. Msimu wa 2025/26 Serie C ya Italia nayo iliuchukua. Humo hakuna chumba wala refa wa video. Kamera chache tu, na skrini moja pembeni. Kila kocha ana nafasi mbili za kuomba marudio kwa mechi: anazungusha kidole hewani, anamkabidhi refa wa nne kadi, na refa mwenyewe anakwenda kutazama. Uamuzi ukibadilika, kocha anabaki na nafasi yake. Usipobadilika, ameipoteza. Mambo yenyewe ni yale yale manne.

Naupenda kwa sababu moja inayowahusu makocha wetu. Leo kocha analalamika mara arobaini kwa mechi na hazimgharimu kitu. Ukimpa mbili za kutumia, atafikiri kabla ya kufungua mdomo.

Hata huo kwenu ni wa kesho. Kwa msimu huu, tafuteni kijana mmoja na kamera moja, apande juu, usawa wa mstari wa katikati, arekodi mechi nzima bila kufuata mpira kama nyuki. Jumatatu mpelekeeni mwenyekiti wa marefa wa wilaya nakala, na mualike refa na wasaidizi wake waitazame pamoja na kocha wenu, kwa kasi ya kawaida. Matokeo hayatabadilika. Lakini baada ya miezi michache mtajua ni marefa gani wanaowaumiza kweli na ni mabeki gani wenu wanaosahau kupanda mstari, na nadhani orodha ya pili itakuwa ndefu.

Mkibakiwa na hela, nunueni vibendera vipya, vya njano na vyekundu vinavyong'aa. Vile nilivyopewa mara ya mwisho nikiwa mgeni katika mechi moja huko mlimani, sitaji wilaya, vilikuwa vimepauka hadi refa alinipita mara mbili akidhani nimeanika nguo.